Shetani Hakumpitia

Mwanamke akipigwa na mumewe mpaka kuzimia, hakosekani wa kusema shetani alimpitia mume. Shetani huyo ana adabu za ajabu! Hampitii mtu mbele ya bosi anayemfokea, wala mbele ya trafiki anayemwandikia faini, wala mwenye nyumba anapomdai kodi wapangaji wote wakisikia. Husubiri mtu afike kwake, mlango ufungwe, ndipo apite. Anayechagua wa kumpiga, na mahali pa kumpigia, hajazidiwa na hasira. Anajua anachokifanya.

Moja ya vinavyomsukuma ni kujiona. Wanasaikolojia huita hali hiyo nasisizimu: mtu kujiweka juu ya wengine, kudai sifa na utumishi kama haki yake, na kutoguswa na maumivu ya mwenzake. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Brad Bushman na Roy Baumeister, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Wanafunzi waliandika insha, baadhi wakarudishiwa kazi zao na maneno ya kashfa. Kisha wakaingizwa kwenye mchezo ambao mshindi humpigia mwenzake kelele masikioni, kwa sauti anayoipanga mwenyewe. Wenye majivuno makubwa ndio waliopandisha sauti zaidi kwa yule aliyewakashifu. Mwaka 2021 uchambuzi wa tafiti 437, zenye washiriki zaidi ya 123,000, ulitoa jibu lile lile: kujiona na ukali dhidi ya wengine hufuatana, hasa mhusika anapochokozwa.

Na mtu wa namna hii huchokozwa na nini? Chumvi imezidi. Simu imeita haikupokelewa. Mke kapandishwa cheo. Mke kasema hapana.

Msimtafute mjigambaji wa baa peke yake. Yupo mwingine, mpole barazani, msalimia wazee kwa mikono miwili, ambaye ndani ni kidonda kitupu: kila neno kwake ni dharau, kila kicheko anaamini anachekwa yeye. Tafiti za wenzi zinamtaja huyu kuliko yule wa baa. Ndiyo maana majirani hushika vinywa: "Jamani, yule? Mbona mtu wa watu!"

Sasa kuna waliookota habari hizi mitandaoni wakazigeuza cheti cha daktari. "Ana tatizo la haiba, mvumilie." Nakataa. Uhusiano upo, lakini haujafikia kueleza kila kofi. Wenye majivuno wengi hawapigi mtu, na wapigaji wengi ukiwapeleka kwa daktari hatawakuta na maradhi yoyote. Wanawake wenye kujiona nao wapo. Ila mwanamume mwenye tabia hiyo, kwetu, anakuta mtaa mzima umeshamtandikia jamvi. Kungwi kamfunza mke kunyamaza. Mama mkwe anasema ndoa ni uvumilivu. Kikao cha wazee kinafunguliwa kwa swali moja, "Ulimkosea nini?", na mwenye jicho lililovimba ndiye anayepiga magoti kuomba radhi. Wazee wangu, hapo mnadhani mmesuluhisha? Mmempa kile kile alichokipigania, kunyenyekewa, na safari hii mbele ya mashahidi. Kesho akikitaka tena, anajua njia ya kukipata.

Hatari huzidi mwanamke anapotaka kuondoka, au anapokuwa na chake. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris Agosti 2024. Septemba 1 alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, huko Trans Nzoia, Kenya, kukiwa na ugomvi wa kiwanja. Siku nne baadaye akafariki. Baba yake alisema walikuwa wameshalalamika polisi. Simpimi akili mwanamume huyo kupitia gazeti, naye alikufa kwa moto ule ule. Nauliza tu: mama huyo angenyenyekea kiasi gani ili abaki hai?

Hapa Tanzania kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zaidi ya miaka 50! Sheria ina umri wa kuitwa bibi, na bado kuna mabalozi wa nyumba kumi wanaoamua kesi za vipigo kana kwamba haijaandikwa.

Basi mzazi unayenisoma, binti yako akirudi na begi usiku, usimuulize alichokosa na usimpigie simu mkwe aje "muyamalize". Mfungulie. Mpeleke polisi, kwenye dawati la jinsia, apewe fomu ya PF3, atibiwe na majeraha yaandikwe. Wazee wakitaka kikao, waanze kwa kumuuliza mume kwa nini hakumpiga bosi wake.