Mtoto Mwenye Fujo Anatafuta Lugha

Mtoto asiyeweza kusema anapomng'ata mwalimu wake au kujigonga kichwa ukutani, wengi wetu husema amepotoka. Wengine hunong'ona kuwa amelogwa. Nikiwa mwanaisimu, nashikilia kwamba mtoto huyo anatueleza jambo, ila amenyimwa lugha ya kulielezea.

Mnamo 1985, Edward Carr na Mark Durand walichapisha huko Marekani utafiti kuhusu watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji. Kwanza walichunguza kilichochochea fujo zao, ama kazi ngumu ama haja ya kutazamwa. Kisha waliwafunza maneno mafupi ya kuomba msaada au sifa. Fujo zilipungua sana.

Somo hilo halihitaji maabara. Tuseme mtoto yupo sokoni Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kuelekea Kisumu, naye humvuta mamake nywele hadi apewe maji. Kila apewapo maji kwa kuvuta nywele, anafunzwa kuvuta nywele. Heri aonyeshwe ishara ya mkono, au picha ya kikombe, na aitumiapo apewe maji papo hapo. Akirudia kuvuta, aelekezwe kwanza kwenye ishara. Subira atafunzwa baadaye, hatua kwa hatua. Huko si kumdekeza.

Lugha nayo ichaguliwe kwa busara. Kwa Kiswahili, 'baba' ni mzazi wa kiume. Kwa Ekegusii, 'baba' ni mama. Je, mtoto anayefunzwa hili shuleni na lile nyumbani atamwita nani? Sharti mwalimu na mzazi wakubaliane.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza viboko. Lakini kumnyang'anya mwalimu kiboko bila kumpa maarifa ni kumwacha mikono mitupu. Vyuo vya ualimu vimfunze stadi hii kila mwalimu, si wa elimu maalum peke yao.

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Huenda mtoto tunayemchapa anaumwa na sikio tu. Tumpe njia ya kutuambia.