LANDROVER YETU ISIUZWE KWA KILO: UBOVU SIYO WA INJINI, NI WETU

Ndugu wanachama na wanakijiji wote wa Mwakitolyo,

Mkutano wa wanachama unakaribia, na maneno yameshaanza kuzunguka kisimani, kilabuni na kule machimboni kwamba Landrover ya ushirika iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wanaosema hivyo wanadai injini yake ni mbovu, ni ya kizamani, tena ina mkosi. Sisi tunapinga. Hatupingi kwa ubishi. Tunapinga kwa sababu tulikaa na fundi siku mbili, injini imefunguliwa mbele yetu, tukauliza kila kitu. Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na kitabu cha gari lile ni cha Kiingereza. Basi fundi alisoma, sisi tukaandika. Tuliyoandika ndiyo haya.

Kwanza tuijue mali yetu. Gari letu ni Landrover Series III, chasi ndefu ya inchi 109. Series III zilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli ilianza kufungwa kwenye Landrover mwaka 1958, kwa hiyo ni injini iliyojaribiwa miaka mingi. Ina silinda 4 zenye ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286, yaani karibu lita 2 na robo. Upana wa kila silinda ni milimeta 90.47, na pistoni husafiri milimeta 88.9. Nguvu yake ni ya farasi 70 hivi. Bloki yake ni ya chuma kizito na hedi yake ni ya chuma vilevile. Valvu zinasukumwa na vijiti kutoka kwenye kamshafti iliyoko chini, na kamshafti inazungushwa kwa mnyororo, siyo kwa mkanda wa mpira unaokatika ghafla.

Kwa mkulima wa hapa kwetu, silinda nne ni kama ng'ombe wanne kwenye plau moja. Lakini hizi hazivuti kwa pamoja, zinapokezana. Inapiga ya 1, halafu ya 3, halafu ya 4, mwisho ya 2. Ukichanganya nyaya za plagi ukavunja mpango huo, injini inakohoa, inapiga mashuti na haivuti. Kumbe ile siku gari ilipogoma asubuhi nzima watu wakasema imerogwa, ilikuwa nyaya mbili zimebadilishana!

Sasa tuje kwenye ubovu wenyewe.

Ubovu wa kwanza ni kuchemsha. Gari lilipoanza kuchemsha njia ya Solwa, mtu akashauri themostati itolewe itupwe, eti inazuia maji. Kamati ikakubali, na sisi tunaoandika hapa tulikuwepo na tukanyoosha mkono. Tulikosea. Themostati ndiyo mlango wa maji. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa ili ipate joto upesi. Ikishapata joto, mlango unafunguka na maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ukiitoa, asubuhi injini inachelewa kupata joto, inakula petroli nyingi, na oili inaingia uchafu. Na mchana wa jua kali, sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo dawa tuliyoipa ndiyo iliyozidisha ugonjwa.

Tena maji yenyewe tulikuwa tunachota popote, hata kwenye madimbwi ya machimbo. Fundi alipofungua rejeta alitoa tope. Rejeta yenye tope haipoozi kitu. Na dereva akiona moshi alikuwa anamwaga ndoo ya maji baridi papo hapo, injini ikiwa inaungua. Chuma cha moto kikipigwa maji baridi kinaweza kupasuka, na mhunzi yeyote anajua hivyo. Bahati yetu hedi haikupasuka. Ilipinda kidogo tu, na gasketi ikaungua kati ya silinda ya 2 na ya 3. Ndiyo maana gari likawa linapanda kilima kama mzee mwenye kifua.

Ubovu wa pili ni vumbi. Vumbi la huku kwetu, hasa njia za machimboni, ni unga wa mawe. Injini hii ina kisafisha hewa chenye bakuli la oili. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa, hewa safi inaingia kwenye kabureta. Ni kifaa kizuri, hakihitaji kununuliwa kipya kila mara. Kinahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kuwekwa oili safi. Tulipofungua bakuli letu tulikuta udongo mkavu, hakuna hata tone la oili. Basi unga ule wa mawe ulikuwa unaingia moja kwa moja kusaga ringi na silinda. Moshi wa bluu mliokuwa mnauona nyuma ya gari ulianzia hapo, kwa sababu ringi zilizolika zinaruhusu oili kupanda na kuungua.

Ubovu wa tatu ni petroli na kabureta. Ni kweli gari hili linakunywa. Hata likiwa zima, lita 1 ya petroli inakwenda kilometa 5 au 6 tu, na hilo hatulifichi. Lakini letu lilikuwa linakunywa kupita kiasi. Kabureta yake ya Zenith ina ugonjwa unaojulikana: sehemu ya juu inapinda kwa joto, petroli inavuja ndani na injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Fundi aliisugua juu ya kioo kwa msasa laini mpaka ikanyooka, akabadilisha kimpira cha ndani. Kazi ya saa chache. Na tuache kununua petroli ya chupa isiyojulikana ilikotoka. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inafanya injini igonge kama mtu anayepiga mlango, na kugonga huko kunaumiza pistoni. Chini ya pampu ya mafuta kipo kikombe cha kioo. Dereva akikiangalia kila asubuhi ataona kama kuna maji au uchafu. Je, nani kati yetu aliwahi kukiangalia?

Ubovu wa nne ni wa moto, yaani platini na plagi. Platini zinalika, kwa hiyo nafasi yake lazima ipimwe kwa filageji: kati ya milimeta 0.35 na 0.40. Valvu nazo ni milimeta 0.25 zote. Dereva wetu alikuwa anapima platini kwa ukucha! Hatumlaumu peke yake, maana ushirika haukumnunulia filageji, ambayo bei yake haifiki hata ya kuku.

Ndugu wanachama, angalieni orodha hiyo. Tope, vumbi, petroli chafu, platini. Ni lipi hapo lililoletwa na uzee wa injini? Tumeambiwa krenki ya injini yetu imekaa juu ya beringi 3, na kuanzia mwaka 1980 kiwanda kiliongeza zikawa 5 ili iwe imara zaidi. Huo ni udhaifu wa kweli wa injini za kabla ya hapo, nao maana yake ni kwamba haifai kukimbizwa wala kubebeshwa kupita kiasi. Sasa sisi tulifanya nini? Gari lililonunuliwa kubeba pamba, mbegu na wagonjwa, usiku likawa linabeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, mpaka springi zinalala. Hela ya mawe hayo haikuonekana kwenye daftari la ushirika. Nani aliila? Hilo litajibiwa mkutanoni, siyo kwenye karatasi hii. Lakini ng'ombe wa kijiji akilimishwa mchana na jamii, na usiku na mwizi, akianguka msiseme ng'ombe alikuwa mbovu.

Mvua zilizopita mama mjamzito alitolewa hapa usiku kwa bodaboda, kwenye utelezi, ameshikiliwa na shemeji yake ili asianguke. Landrover ilikuwa imesimama chini ya mwembe. Tunashukuru alifika salama. Je, wa pili naye atafika?

Wapo wanaosema tuuze tununue gari la kisasa. Hatuyachukii magari ya kisasa. Lakini mengi yakigoma yanataka fundi mwenye kompyuta, na yeye hakai Mwakitolyo. Hili letu linataka spana, filageji na mtu mwenye macho. Vipuri vyake bado vinatengenezwa. Betri ikifa unaliwasha kwa hendeli. Na hela ya chuma chakavu haitoshi kununua gari lolote. Itagawanywa, italiwa, na tutabaki na nafasi tupu chini ya mwembe.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano upitishe haya:

1. Hedi ipelekwe kusawazishwa, gasketi mpya ifungwe, na themostati irudishwe.

2. Gari liwe na dereva mmoja na daftari moja. Kila safari iandikwe: limekwenda wapi, limebeba nini, limetiwa petroli kiasi gani.

3. Rejeta itiwe maji safi ya kisima tu, yaliyochujwa kwa kitambaa. Likichemsha, lisimame lipoe kwanza.

4. Oili ya injini na ya bakuli la hewa ziangaliwe kila Jumatatu mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, naye atie sahihi. Asiyejua kusoma atie dole gumba, halafu aje darasani.

5. Mawe ya machimbo yasipakiwe tena, awe ni nani anayeomba. Hata akiwa kiongozi.

Hesabu ya matengenezo mweka hazina ameibandika pembeni ya karatasi hii. Isomeni. Asiyeweza kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee. Anayeona tumekosea aje mkutanoni aseme wazi, asisemee kilabuni.

Injini hii haijatushinda. Ni sisi tulioshindwa kuitunza, na viongozi ndio wa kwanza kulaumiwa. Tujisahihishe sasa, kabla hajaja mnunuzi na mizani yake.

Katibu, kwa niaba ya wenzake