Mama aliuliza, sisi tukaimba

  Leo tunaweka kando kidogo habari za mihogo na pesa za shule, kwa sababu kuna jambo limetukaa moyoni tangu kilio cha mwezi uliopita, na tumeona heri tuliseme hapa kuliko kulinong'ona sokoni.

Mama mmoja wa kundi letu alifiwa na mtoto wa kiume wa miaka 4. Kolera. Asubuhi alianza kuhara, jioni hakuwapo tena. Siku ya pili ya kilio tulikuwa tumekaa naye kwenye mkeka, akanyanyua kichwa akauliza, wala hakuwa analia: "Kama Mungu hayuko, huyu mtoto alikuja kufanya nini duniani? Na kama yuko, alinipa ili anione nikimzika?"

Hakuna aliyejibu. Kisha mmoja wetu akaanzisha wimbo, nasi tukaupokea kwa nguvu sana. Tumeshaulizana wenyewe kwa wenyewe na tumekubali ukweli: hatukuimba ili kumfariji. Tuliimba ili tusisikie swali lile likirudiwa.

Baada ya hapo yalikuja maneno. Kwamba amekufuru. Kwamba haonekani tena kanisani. Mmoja hata aliuliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kuaminiwa na pesa za likelemba, kana kwamba kukataa kulipa deni kunaanzia kwenye kuuliza. (Tunao wanaoomba kila alfajiri na mchango wao wa miezi miwili bado tunaungoja. Hayo tuyaache.)

Sisi wengi katika chama hiki ni watu wa imani, Wakristo na Waislamu, na hatufichi. Lakini swali la mama yule halikutoka nje ya imani. Limo ndani ya Biblia yenyewe. Ayubu alizika watoto wake wote akailaani siku aliyozaliwa. Mwandishi wa Mhubiri alitazama kazi yote ya mwanadamu chini ya jua akaona ni upepo tu, na kitabu chake hakikutolewa. Rafiki za Ayubu walipofika kwake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipofungua mdomo na kuanza kumweleza kwa nini yamempata. Sisi hatukufikisha hata saa moja ya kunyamaza.

Kuna neno moja tunalolisema upesi sana penye kilio: "Mungu amependa." Tunajua linatoka kwa moyo mzuri. Lakini tufikiri linamfanya nini anayelisikia, na linawaficha akina nani. Kolera inakuja kwa maji machafu. Sisi wa pwani ya ziwa tunaijua, inarudi mwaka hata mwaka, na mtoto yule alikunywa maji ya ziwa kwa sababu bomba la jirani lilikuwa limekauka siku nyingi. Mama akiambiwa ni mapenzi ya Mungu, basi lile bomba halina kosa na asiyelitengeneza hana kosa.

Tukumbuke Makobola. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, watu waliuawa pale na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010 inasema ni zaidi ya 800. Wamo wamama, wamo watoto wachanga. Nani kati yetu anaweza kusimama penye makaburi yale aseme Mungu alipenda? Waliofyatua risasi walikuwa watu. Kumtwika Mungu kazi yao ni kumsingizia, na kwa wauaji ni kama kuwapa sabuni ya kunawia mikono.

Wanawake wa Fizi walikataa sabuni hiyo. Askari waliwabaka usiku wa tarehe 1 Januari 2011, na mwezi wa pili mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikuja kukaa hapa Baraka. Makumi ya wanawake walikuja kusema yaliyowapata, katika mji ambamo kila mtu anamjua kila mtu, na wengine wakijua kwamba mume akisikia atamfukuza. Tarehe 21 Februari luteni kanali aliyekuwa mkuu wa askari wale alihukumiwa miaka 20. Sisi hatujui kila mmoja wao aliamini nini moyoni usiku wa kuamkia siku ya kusema. Pengine mmoja aliomba, mwingine hakuweza kuomba tena. Wote walisimama.

Hapo ndipo tulipofika katika kuzungumza, na dada mmoja akauliza: je, asiyeamini kabisa, maisha yake yanasimama juu ya nini? Jibu la haraka ni kusema hana kitu, atakula na kunywa na kusubiri kufa. Lakini wazee wetu wa pwani walimwona mtu wa namna hiyo kwa macho. Mwezi wa nne 1965 daktari kutoka Argentina, Che Guevara, alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba, katika eneo letu hili la Fizi, akifuatwa na Wakuba zaidi ya 100. Hakumwamini Mungu. Alikuja kupigana pamoja na waasi wa wakati ule, na kati ya vita alitibu wagonjwa. Mtu asiyetumaini mbingu aliacha watoto wadogo nyumbani kwake akaja kuhatarisha maisha kwa ajili ya watu ambao hakujua hata lugha yao. Mwezi wa kumi na moja aliondoka usiku kwa mashua, na yeye mwenyewe aliandika kwamba ilikuwa ni kushindwa. Hatumsifu kwa bunduki. Bunduki tumeziona za kutosha, za wenye imani na za wasio nayo. Tunasema tu kwamba si kweli kuwa asiye na Mungu hana cha kuishi kwa ajili yake. Watoto wake wangeweza kuuliza jambo lingine, lakini hilo ni la siku nyingine.

Upande wa pili tunaye daktari wetu, Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Hospitali ya Lemera alikokuwa akifanya kazi ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa. Angeweza kusema Mungu ameniacha, akakata tamaa. Alirudi kwa wagonjwa, na Panzi ikasimama. Ukiwa umelala kwenye kitanda cha wagonjwa, hutauliza kwanza kama mkono unaokushona unaomba au hauombi. Lakini yeye akiulizwa nguvu anazipata wapi, hafichi imani yake. Tunayaweka yote mawili hapa bila kuyapatanisha.

Dada yetu mwalimu alituletea habari ya daktari mwingine, Viktor Frankl wa Austria, Myahudi. Katika vita kuu ya pili alifungwa kwenye kambi za Wanazi, akampoteza mke, wazazi na ndugu yake. Alipotoka aliandika kitabu, mwaka 1946. Kwa maneno yetu, anasema tunakosea tunapoyauliza maisha yana maana gani. Maisha ndiyo yanayotuuliza sisi, kila siku, na tunajibu kwa tunachofanya: kwa kazi inayotungoja na kwa mtu anayetungoja. Tulisoma tukatazamana. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni hadi Nyarugusu, akasimama kwenye mstari wa chakula miaka na miaka, akarudi akakuta nyumba ni majani, akachukua jembe, hajawahi kusoma kitabu hicho. Alijibu.

Lakini kuna mahali ambapo neno la Frankl halimtoshi mama wetu, na tusimdanganye. Yeye hakuuliza ataishi kwa ajili ya nini. Ana watoto wengine watatu, anajua wanakula nini. Aliuliza juu ya huyu aliyekufa. Miaka 4. Hakusoma, hakulima, hakuoa, hakuacha jina kwa mtu. Alikuja kufanya nini?

Tumelizungusha swali hilo majuma matatu. Tumegundua kwamba sisi wenyewe tumelichochea, kwa namna tunavyowahesabu watoto: huyu atatusaidia uzeeni, huyu atakuwa daktari, huyu wa mahari. Tukihesabu hivyo, mtoto anayekufa mdogo ni deni lisilolipwa. Mama mwenyewe ndiye aliyetutoa huko bila kujua, tulipomrudia safari hii bila nyimbo. Alituambia kwamba akirudi kutoka kununua ndagala pwani, mtoto alikuwa akimngoja kwenye mti wa embe. Akimwona anakimbia, anashika pembe ya kitenge chake, anatembea naye hadi mlangoni akifikiri yeye ndiye anayebeba beseni. Kila siku. Alipomaliza kusema alicheka, kisha akalia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Sisi tunaamini mtoto yule yuko kwa Mungu. Mama kwa sasa hawezi kusema hivyo, na hatutamlazimisha. Lakini ile njia kutoka mwembe hadi mlangoni ilikuwepo. Haikuwa ikingoja mtoto akue ndipo iwe na maana, na kolera haiwezi kurudi nyuma kuifuta. Hapo tunakutana naye, sisi tunaoomba na yeye aliyeacha kuomba. Kama kuna zaidi ya hapo, tutamsemesha akituuliza.

Habari za likelemba: zamu yake imebaki palepale, ni ya pili kutoka sasa, na pesa zake ameshaleta. Kamati ya maji inakwenda Jumanne kuonana na wahusika wa lile bomba. Kila kundi lituma watu wawili, saa 3 asubuhi tuwe tumekusanyika. Kumtembelea mama, juma hili ni zamu ya wenzetu wa karibu na soko. Mwende na bidoni moja la maji yaliyotiwa dawa, na sombe ikiwa imetwangwa tayari. Msiende wengi.