Goti bandia, kompyuta na sijida ya mzee

Ni nadra kukosa, katika familia zetu za Mnero na vijiji vilivyo baina ya Nachingwea na Ruangwa, mzee aliyehamia kwenye kiti wakati wa Swala. Gegedu la goti limelika, mifupa inasagana, na mguu umeanza kupinda. Kisha mtoto aliyeko Dar es Salaam husikia kwamba siku hizi goti hubadilishwa kwa msaada wa kompyuta, na nyumba nzima ikatumaini kwamba baba atasujudu tena kama zamani. Hapo ndipo tunapoziomba familia zitulie kidogo.

Kompyuta haikati mfupa. Anayekata ni daktari. Yeye huchomeka pini katika mfupa wa paja na wa muundi, zikiwa na alama zinazofuatwa na kamera. Huuzungusha mguu ili mashine ikokotoe kitovu cha nyonga, kisha hugusa sehemu maalumu za goti na kifundo cha mguu. Skrini humwonyesha pembe ya mkato, ili nyonga, goti na kifundo vikae katika mstari mmoja. Upasuaji wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika Grenoble, Ufaransa, Januari 1997. Tafiti zimeonyesha kuwa mguu hunyooka kwa usahihi zaidi, lakini katika maumivu na mwendo, tofauti na kazi ya mkono stadi ni ndogo.

Na sijida? Goti bandia aghalabu hukunjika hadi kiasi cha digrii 110 au 120. Kikao cha tahiyyatu huhitaji zaidi ya hapo, na wengi huona taabu kupiga magoti hata baada ya kupona. Mzee aweza kutembea hadi msikitini na kulala usiku bila maumivu, na kiti kikabaki. Sheria imekwisha kumruhusu.

Kutoka Mnero hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambako magoti hubadilishwa, ni zaidi ya kilomita 500. Basi kabla ya kuchangishana nauli, mzee apigwe eksirei akiwa amesimama, apimwe sukari, na ipatikane rufaa. Kisha watoto wakubaliane ni nani atakayekaa naye kwa wiki za mazoezi, maana goti lisilokunjwa na kunyooshwa kila siku hukakamaa, hata likiwa limepimwa kwa kompyuta.