Anayeamia Shamba Aketi Panapogawiwa Fedha

Tembo wanaposhuka mashambani usiku katika vijiji vinavyopakana na hifadhi zetu za Tanzania, mahindi wanayoyala mara nyingi yamepaliliwa na mwanamke, na asubuhi ni yeye tena anayefuata maji na kuni kwenye vichaka walikopita. Hata hivyo, uhifadhi vijijini bado huhesabiwa kuwa kazi ya bunduki na doria, yaani ya wanaume. Mwanamke huletewa mradi wa shanga au cherehani, picha zinapigwa, na wageni wanaondoka. Sina ugomvi na shanga. Ninachopinga ni kumwacha nje mwenye hasara wakati wa kuamua ushoroba wa wanyamapori upite wapi na mapato ya utalii ya jumuiya ya hifadhi yatumikeje. Hata kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa hasara inayoletwa na wanyamapori, kilichowekewa kanuni mwaka 2011, hakimfikii kwa urahisi pale shamba lilipoandikwa kwa jina la mume.

Wapo watakaosema viti vya wanawake vipo tayari. Ni kweli: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka watatu kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake, na sheria ya serikali za mitaa inataka wasipungue robo katika halmashauri ya kijiji. Lakini kiti si sauti. Mchumi Bina Agarwal, aliyechunguza misitu ya jamii India na Nepal, aligundua kwamba kamati zenye wanawake wengi zaidi zilikuwa na misitu iliyochipua vizuri zaidi, na kwamba wanawake walianza kusema kwa uhuru walipokaribia theluthi ya wajumbe. Mmoja au wawili hufunikwa. Sababu haina fumbo: anayeokota kuni ndiye anayejua nani anakata miti na wapi, na sheria aliyoshiriki kuitunga huieneza kwa wenzake kisimani.

Hoja kwamba doria ni hatari mno kwa wanawake ni dhaifu. Huko Amboseli, Kenya, wanawake 8 wa Kimaasai waliingia doria mwaka 2019 katika kikosi cha Team Lioness. Zimbabwe ina askari wanyamapori wanawake wa kikosi cha Akashinga tangu 2017. Hoja nzito zaidi ni ya muda. Mwanamke anayeamka alfajiri na kulala wa mwisho, ukimwongezea mkutano na doria umemwongezea mzigo, na ushirikishwaji usiolipwa ni namna nyingine ya kumnyonya. Ndiyo maana posho za vikao na mishahara ya doria haziwezi kuachwa kwa wanaume huku yeye akiombwa kujitolea. Kikao cha mpango wa matumizi bora ya ardhi kiitishwe kitongojini, saa ambayo hayuko kisimani wala jikoni, na kifuta jasho kiandikwe kwa jina la aliyelima.