Mke Aende au Abaki?



Ndugu wapendwa, mahindi na maharage yakishaingia ghalani, milima yetu ya Ibaba huanza kupungukiwa na vijana. Hushuka hadi Isongole, wakapanda gari la kwenda Mpemba na Tunduma, na huko hupokea bidhaa kwa mali kauli: mabeseni, vikombe, mashuka, ndala, vitenge. Kisha huingia vijiji vya Mbozi, ambako kiangazi ni wakati wa mavuno ya kahawa na mkulima huwa na fedha kidogo mkononi, wakipiga hodi mlango kwa mlango. Mvua za Novemba zikikaribia, hurudi kupanda.

Mwaka jana walikuwamo mume na mke wa kigango chetu, ambao ndoa yao tuliibariki baada ya Pasaka. Walikuja kutuaga. Hapo tulifanya kosa tunalolikiri leo mbele yenu: tuliwapa baraka, lakini tukamshauri binti abaki kwa mama mkwe wake, kwa maana njiani si mahali pa mke. Mume alinyamaza kwa heshima. Mke ndiye aliyejibu kwa sauti ya chini: “Baba Paroko, mbona siku ya ndoa hamkutuambia kwamba ahadi ile ni ya masika tu?” Hatukuwa na jibu. Wakaenda wote wawili.

Ushauri wetu haukutoka katika Injili, bali katika mazoea. Wazee wa Ileje, Rungwe na Kyela wanaijua vema habari ya wanaume waliokwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine walioandikishwa na Wenela kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, hadi Tanganyika huru ilipokomesha uandikishaji huo. Mume alikwenda, mke alibaki na jembe. Wapo waliorudi na blanketi na baiskeli. Wapo pia ambao hawakurudi kamwe, na wake zao walizeeka wakitazama njia. Tukiuita mtindo huo desturi njema ya ndoa, tunawadhulumu bibi zetu.

Maandiko yana sauti nyingine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamwachilia bwana arusi asiende vitani mwaka mzima, akae na mkewe na kumfurahisha. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunawakuta Akila na Prisila, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakishona mahema ugenini Korintho, baadaye wakahamia Efeso. Agano Jipya linawataja mara sita, na mara zote wako pamoja. Mara nne jina la mke linatangulia. Mtume Paulo mwenyewe alikaa kwao na kufanya kazi pamoja nao.

Vijana wetu waliporudi tuliwauliza habari za safari. Walipanga chumba kimoja Mlowo. Mke ndiye aliyepiga hodi, kwa kuwa akina mama humfungulia upesi mwanamke mwenzao. Mume alibeba furushi na kutunza daftari la madeni. Kila jioni walihesabu fedha juu ya kanga: kwanza za tajiri mwenye mali, kisha kodi, mwisho chakula. Siku nyingine walitembea tangu alfajiri wasiuze hata kijiko. Katika nyumba moja walifunguliwa mbwa, na juu ya mlango wa nyumba hiyo, walisema, palibandikwa picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Neno hilo limetukaa kooni hadi leo. Walirudi na bati 12 na deni dogo.

Hatusemi kwamba njia hiyo ni salama. Mwenye mimba hawezi kutembea hivyo, na mtoto wa shule hawezi kuachiwa bibi kila kiangazi bila kuumia. Kwa wenye watoto wakubwa neno letu lingekuwa tofauti. Tena wapo matajiri wanaomwandikia mchuuzi hata kikombe kilichovunjika garini kuwa deni lake, naye hana karatasi yoyote ya kujitetea. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vilimpunguzia mchuuzi usumbufu wa ushuru wa barabarani, lakini makubaliano yake na tajiri yalibaki ya mdomo. Twawasihi vijana: andikeni idadi na bei, wote wawili mtie sahihi, ndipo mpokee mzigo.

Nanyi akina mama wakwe, tunawaomba msimwite mzururaji binti anayebeba furushi pamoja na mumewe. Tumesikia neno hilo hata nje ya kanisa, baada ya Misa.

Wale wawili wanaondoka tena Jumatatu. Wameomba barua ya utambulisho kwa paroko wa huko waendako, nasi tumeiandika kwa majina yao yote mawili. Jumuiya yao imekubali kuwatunzia kuku na kupalilia kahawa yao michache hadi watakaporudi.