Utulivu wa injini: Anasa inayofika Tunduma ikiwa imechakaa

MAGARI ya IT yanayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hukata zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika Tunduma, mkoani Songwe. Mengi ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, na katika msururu huo huonekana jinsi anasa ya matajiri inavyoshuka hadi kumfikia mtu wa kipato cha kati, ikiwa na gharama ambayo mnunuzi wa kwanza hakuilipa.

Anasa yenyewe ni utulivu wa injini. Silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja hufutiana mitetemo zenyewe, ndiyo maana BMW iling'ang'ania mpangilio huo, na Mercedes-Benz, iliyouacha miaka ya 1990, ikaurudia mwaka 2017. Injini ya silinda nne, iliyo rahisi kuiunda, haina bahati hiyo. Ya silinda tatu ndiyo hutikisika zaidi.

Ajabu ni kwamba waliovunja ukiritimba huo ni watengenezaji wa magari ya bei nafuu. Mwaka 1975 Mitsubishi ilifufua wazo la zamani la Mwingereza Lanchester: shafti mbili zinazozunguka kinyumenyume, kwa kasi mara mbili ya injini, ili kuua mtetemo wa silinda nne. Porsche, kwa fahari yake yote, ililipia haki ya kuutumia ufundi huo katika modeli yake ya 944. Mwaka 1989 Toyota nayo ikaleta Lexus LS 400 kwa dola 35,000, chini sana ya bei ya Wajerumani. Tangazo lake lilionyesha glasi za shampeni zikiwa zimetulia juu ya boneti huku magurudumu yakizunguka kwa kasi.

Leo mota ya umeme, isiyo na pistoni, inampa hata mnunuzi wa gari la bei nafuu la Kichina ukimya uliokuwa ukiuzwa kwa mamilioni.

Kwa mnunuzi wa Tunduma au Vwawa hesabu ni nyingine. Ushuru wa bidhaa hupanda kadri ujazo wa injini unavyoongezeka, hivyo wengi huishia kwenye Passo na Vitz za silinda tatu. Mtetemo wake hupunguzwa na mipira inayobeba injini, nayo huchakaa. Mazoea ya kuwasha gari, kusikiliza dakika mbili na kutoa fedha ni ya hatari, kwa kuwa ukimya hausemi lolote kuhusu umri wa vifaa vinavyouleta.

Pajero ya dizeli yenye injini ya 4D56 ni mfano mzuri. Shafti zake za utulivu huendeshwa na mkanda mdogo uliokaa jirani na mkanda wa taiming. Mkanda huo mdogo ukikatika, vipande vyake vinaweza kuuvuruga ule mkubwa, valvu zikagonga pistoni na injini ikafa. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi huuondoa kabisa. Gari likitoka gereji hutetemeka kuliko lilivyotoka Japani, lakini mwenyewe huenda Sumbawanga na kurudi bila hofu ya mkanda huo.